Swali Likikimbiwa

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima ya Nangurukuru na jirani zake, kama lilivyosomwa hewani

  

Kiongozi wa darasa asogeze redio katikati, ili hata aliyekaa mlangoni asikie. Kila mmoja awe na daftari na kalamu. Wiki iliyopita tulijifunza kuandika tarehe kwa ukamilifu: siku, mwezi na mwaka. Wengine walinung'unika, wakasema, "Mwalimu, tarehe ya nini? Mimi si karani." Leo mtaona ni ya nini.

Somo letu ni juu ya mahojiano ya siasa yanayotangazwa redioni na katika televisheni, na juu ya watu wanaoitwa wachambuzi. Mtu akisema neno kubwa hewani, mbele ya watu wote, nani atamwuliza habari za neno lake? Na neno hilo lisipotimia, nani atakumbuka?

Hapo Nangurukuru ninyi mko njia panda. Basi litokalo Dar es Salaam kwenda Lindi na Mtwara hupita hapo. Aendaye Kilwa Masoko hugeukia hapo, na aendaye Liwale hali kadhalika. Kila abiria ana habari yake, na habari nyingi huanza kwa maneno haya: "Redio imesema." Basi shikeni jambo la kwanza. Redio haisemi kitu. Redio ni sanduku lenye waya na betri. Asemaye ni mtu, na mtu ana jina, ana kazi, ana chama au hana, na yuko anayemlipa. Mkisikia "redio imesema," mwulizeni msemaji kwa upole, "Nani, katika redio?" Mara nyingi hakumbuki. Habari imebaki, mwenyewe amepotea.

Katika mahojiano wako watu wa namna tatu, na tusiwachanganye. Wa kwanza ni mtangazaji. Kazi yake ni kuuliza kwa niaba yenu, maana ninyi nyote hamwezi kuingia studio. Wa pili ni mwenye madaraka, au mwenye kuyataka: waziri, mbunge, mgombea. Huyu hujibu habari za matendo yake. Wa tatu ni mchambuzi. Yeye hana madaraka. Ameitwa aeleze mambo yana maana gani na yanaelekea wapi. Neno lenyewe mnalijua jikoni. Mama akichambua mchicha hutenga majani na mabua, akaondoa na yaliyoliwa na wadudu. Mchambuzi wa siasa naye yampasa kutenga: hili nimeliona, hili nimeambiwa, hili ni wazo langu tu. Akiyatia yote katika chungu kimoja, hajachambua kitu.

Wazee waliopo darasani huenda wakakumbuka mwaka 1970, Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ilipoendesha masomo ya redio yaliyoitwa "Uchaguzi ni Wako", na tena mwaka 1973 yalipokuja yale ya "Mtu ni Afya". Watu walikusanyika vikundi vikundi kama ninyi leo, wakasikiliza, kisha wakazungumza. "Mtu ni Afya" ilichimbisha vyoo vijiji vingi, na mimi siidharau hata kidogo. Lakini redio ilikuwa moja, Radio Tanzania Dar es Salaam, na chama bara kilikuwa kimoja. Sauti ilitoka mjini ikaja kijijini. Haikuwa desturi mtangazaji kumbana waziri. Sheria ya utangazaji ya mwaka 1993 ikafungua mlango kwa vituo vya watu binafsi, na tangu hapo vimekuwa vingi. Sauti zimeongezeka. Maswali, kwa maoni yangu, hayakuongezeka kwa kadiri ile ile.

Ninyi ni watu wa pwani, basi nitawapa mfano wa pweza. Ukimbana pweza mwambani hutoa wino. Maji yanakuwa meusi, nawe unabaki kupapasa mawe. Mwanasiasa mzoefu hufanya vivyo hivyo. Tuseme ameulizwa: "Mheshimiwa, barabara ya kutoka Nangurukuru kwenda Liwale imetengewa shilingi ngapi katika bajeti ya mwaka huu, na mpaka leo zimetoka ngapi?" Naye anajibu: "Nashukuru kwa swali zuri. Kwanza niwapongeze wananchi kwa uvumilivu wao. Serikali inatambua umuhimu wa barabara kwa wakulima wetu, na mchakato unaendelea vizuri." Dakika 3 zimekwisha. Maneno hayo nimeyatunga mimi, lakini nadhani mmekwisha kuyasikia mahali.

Tazameni swali lile lilivyotengenezwa. Lingeulizwa, "Je, barabara hii ni muhimu?" nani angesema si muhimu? Swali la namna hiyo ni zawadi kwa mgeni. Bali swali letu linataka hesabu 2. Fedha kutengwa ni jambo moja, fedha kutoka ni jambo lingine. Inaweza kuandikwa katika kitabu cha bajeti na isifike barabarani. Akitaja ya kwanza akaacha ya pili, amejibu nusu, na mtangazaji mwema atarudi kuidai ile nusu.

(Kiongozi asimamishe hapa kidogo. Mwanafunzi mmoja aseme swali baya, mwingine aligeuze liwe zuri.)

Kurudi kuidai nusu iliyobaki ndiyo kazi yenyewe. Nitawapa kisa cha Uingereza kinachosimuliwa sana na watu wa redio na televisheni. Tarehe 13 Mei 1997, mtangazaji wa BBC aitwaye Jeremy Paxman alimhoji Michael Howard, ambaye alikuwa waziri wa mambo ya ndani mpaka serikali yao iliposhindwa uchaguzi mwanzoni mwa mwezi ule. Shauri lilikuwa la magereza. Mkuu wa magereza, Derek Lewis, alikuwa na madaraka yake, na kulikuwa na mzozo juu ya kumwondoa mkubwa wa gereza la Parkhurst. Swali likawa fupi: Je, wewe waziri ulimtishia Lewis kwamba utautangua uamuzi wake? Howard akajibu kwamba alikuwa na haki ya kusema maoni yake, na kwamba hakumpa Lewis amri. Hayo siyo aliyoulizwa. Paxman akarudia swali lile lile. Akajibiwa lingine. Akarudia tena. Watu huhesabu mara 12. Hakupiga kelele wala hakutukana, alisema tu kwa adabu kwamba swali halijajibiwa.

Baadaye Paxman mwenyewe alieleza kwamba sababu moja ya kurudia mara nyingi hivyo ni kwamba taarifa iliyokuwa ifuate haikuwa tayari, akaambiwa aujaze muda. Chekeni, ni halali. Lakini waliotazama siku ile walijua kwa hakika kwamba kuna jambo ambalo yule bwana hataki kulisema, na wakalijua bila kuambiwa na mtu. Wala msidhani swali humwua mtu. Howard alishindwa kupata uongozi wa chama chake mwaka ule, na mwaka 2003 akaupata.

Basi ukali wa mahojiano hauko katika sauti. Mtangazaji anayebweka kila dakika humsaidia mgeni wake, kwa maana wasikilizaji huanza kumwonea huruma. Tena ukali uwe kwa wote. Mwezi wa Januari 2019, katika kipindi cha BBC kilichoitwa HARDtalk, Stephen Sackur alimhoji Tundu Lissu, aliyekuwa Ulaya kwa matibabu ya majeraha ya risasi alizopigwa Dodoma Septemba 2017. Yule alikuwa mtu aliyeponea kifo, na bado hakuulizwa maswali ya kubembelezwa. Wafuasi wengine hukasirika mtu wao akibanwa. Mimi nasema mtu wako asipobanwa hutajua kama anaweza kusimama.

Na asiyetaka kuja kabisa? Kenya wamelijaribu jambo hili. Februari 2013 wagombea urais wote 8 walisimama mbele ya watangazaji Nairobi, wakaulizwa, na nchi nzima ikasikiliza. Tarehe 24 Julai 2017 Raila Odinga alifika peke yake, Uhuru Kenyatta hakuja. Tarehe 26 Julai 2022 William Ruto alifika peke yake, na safari hii asiyekuja ni Raila. Watangazaji hawakufunga duka, walimwuliza aliyekuja. Yule asiyekuja 2017 alitangazwa mshindi, ingawa Mahakama ya Juu iliyafuta matokeo yale tarehe 1 Septemba na uchaguzi ukarudiwa, naye akashinda tena. Yule asiyekuja 2022 alishindwa. Kwa hiyo siwezi kuwaambia kwamba kiti kitupu humwangusha mtu. Lakini nacho ni jibu, na katika daftari kinaandikwa: fulani, tarehe fulani, hakuja.

Tusiwalaumu watangazaji wetu kupita kiasi. Kuuliza kuna gharama. Januari 2018 Mamlaka ya Mawasiliano ilivitoza vituo 5 vya televisheni faini ya jumla ya shilingi milioni 60, kwa sababu ya kutangaza taarifa ya kituo cha haki za binadamu juu ya uchaguzi mdogo wa Novemba 2017. Mwenye kituo akiisoma habari ile hufikiri mara 2 kabla ya kumwalika mgeni mwenye maneno mazito, na mara 3 kabla ya kumwachia mtangazaji wake arudie swali. Ndiyo maana msikilizaji naye ana kazi.

Sasa tuje kwa wachambuzi, na hapa nataka tukae zaidi. Mwanasiasa hata akikwepa swali, siku ya kura inakuja. Mchambuzi hapigiwi kura. Akikosea Jumatatu, Jumanne anaitwa tena, amefunga tai nyingine.

Nitawaambia jambo lililonipata mimi. Gesi ya Songo Songo, hapo baharini kwenu, iligunduliwa mwaka 1974, na mwaka 2004 ikaanza kwenda Dar es Salaam kuendesha mitambo ya umeme. Halafu, tangu mwaka 2010, ikagunduliwa nyingi zaidi katika kina kirefu cha bahari ya kusini. Ilipofika mwaka 2013 hapakuwa na kipindi bila habari ya gesi. Nikamsikia mchambuzi mmoja akisema, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuona kwa macho, kwamba katika miaka 5 mtambo mkubwa wa gesi utakuwa umesimama Lindi, na mwenye kiwanja atakuwa tajiri. Nilikuwa nafundisha darasa kama hili. Kesho yake niliyarudia maneno yale mbele ya wanafunzi kama vile nimeyasoma kitabuni.

Mwanafunzi wangu mmoja, mtu mzima mwenye watoto 4, aliuza ufuta wake wote wa mwaka ule na mbuzi 6, akanunua kiwanja karibu na Lindi mjini. Miaka 5 ikaisha, ikawa 2018. Hapakuwa na mtambo. Juni 2022 ndipo serikali na makampuni ya nje walipotia saini Dodoma makubaliano ya awali juu ya mtambo huo, ambao mahali pake pamepangwa kuwa Likong'o. Makubaliano, ndugu zangu, si mtambo. Kiwanja cha mwanafunzi wangu kimeota magugu. Hakunigombeza. Aliniuliza neno moja tu: "Mwalimu, yule bwana aliitwa nani?"

Sikulikumbuka jina. Wala tarehe. Hata kituo sikuwa na hakika nacho. Na usiku ule wa 2013, wakati yule bwana anasema, daftari lilikuwa mapajani mwangu, najaza mahudhurio.

Linganisheni na mchambuzi ambaye neno lake lilihifadhiwa. Kabla ya uchaguzi wa Kenya wa mwaka 2013, Mutahi Ngunyi alisema kwamba upande wa Uhuru Kenyatta ulikwisha kushinda tangu tarehe 18 Desemba 2012, siku ya kufunga uandikishaji wa wapiga kura. Sababu yake ilikuwa kwamba makabila aliyodhani yatampa Uhuru kura yamejiandikisha kwa wingi zaidi. Kura zikapigwa tarehe 4 Machi, matokeo yakatangazwa tarehe 9: Uhuru asilimia 50.07. Watu wakasema, "Alijua!"

Mimi namsifu kwa jambo moja. Alitaja hesabu, akataja sababu, kwa hiyo neno lake liliweza kupimwa. Lakini tulipime basi. Katika kura zaidi ya milioni 12, Uhuru alizidi nusu kwa kura kama 8,400 tu. Watu hao wangalimpa mwingine kura zao, uchaguzi ungalikwenda duru ya pili. Je, jambo lililopita katika tundu la sindano namna hiyo laweza kusemwa lilikwisha miezi 2 na nusu kabla? Sidhani. Hata mchambuzi aliyepata, mwulizeni alipata kwa kujua au kwa kupona. Na mwaka 2022 wachambuzi wengi, pamoja na kura za maoni, walimweka Raila mbele; akatangazwa Ruto kwa asilimia 50.49. Sikuwasikia wengi waliorudi hewani wakasema, "Nilikosea, na kosa langu lilikuwa hapa."

Kule Marekani profesa mmoja, Philip Tetlock, aliamua kuwapima watu hawa. Kuanzia miaka ya 1980 alikusanya utabiri wa wataalamu 284 wa siasa na uchumi, akaendelea kwa miaka ipatayo 20, kisha akatoa kitabu mwaka 2005. Aliona kwamba kwa jumla hawakumzidi sana mtu anayebahatisha. Aliona tena jambo la kutushtua sisi wasikilizaji: wale waliokuwa mashuhuri, walioitwa mara nyingi hewani, hawakuwa bora kuliko wenzao, bali walielekea kuwa wabaya zaidi. Wenye wazo moja kubwa la kueleza kila kitu walikosea kuliko wale waliosema "labda", na waliokuwa tayari kubadili mawazo. Lakini "labda" haipendezi hewani, na mwenye uhakika ndiye anayealikwa tena.

Silaha ya profesa yule ilikuwa nini? Aliandika. Kazi hiyo ninyi mnaiweza tangu wiki iliyopita.

Fungueni ukurasa mpya. Chora mistari 3 ya kusimama, upate vyumba 4. Chumba cha kwanza ni cha tarehe na jina la kituo. Cha pili ni jina la msemaji, na kama amesema yeye ni wa chama gani au analipwa na nani. Cha tatu ni neno lenyewe alilolisema, fupi. Cha nne ni siku ya kulitazama tena. Akisema bei ya ufuta itapanda msimu ujao, andika: "Bei ya ufuta itapanda," na mbele yake andika mwezi wa mnada. Siku ikifika, mwenye daftari aje nalo darasani asome kwa sauti.

Mtakutana na maneno yasiyoandikika. "Tutashuhudia mengi." "Hali si nzuri, lakini si mbaya." "Upepo unaweza kubadilika." Hayana siku wala kipimo, kwa hiyo hayakosei kamwe. Msiyaache, katika chumba cha tatu andikeni, "Hakusema kitu." Mkiwa na kurasa 3 za mchambuzi mmoja ambaye hakusema kitu, mtakuwa mmemfahamu kuliko anavyopenda.

Vituo vingi hupokea simu na ujumbe wa wasikilizaji. Mtu akipata nafasi asianze kwa hasira wala kwa hotuba. Aseme: "Bwana, tarehe 10 mwezi wa 3 ulisema katika kituo hiki kwamba bei haitashuka. Imeshuka. Ulitegemea nini siku ile?" Halafu anyamaze, amwache ajibu. Kukosea si uongo, na mwenye kukiri kosa lake mbele ya watu yafaa aaminiwe zaidi kesho. Lakini akisema, "Mimi sikusema hivyo," hapo ndipo tarehe yako inapofanya kazi. Na kama kituo kimetangaza jambo la uongo lenye kuwadhuru watu, andikeni barua kwa kituo chenyewe kwanza, mkae na nakala. Wasipojibu, ipelekeni nakala hiyo kwa Kamati ya Maudhui ya Mamlaka ya Mawasiliano. Barua bila tarehe ya kipindi, jina la kipindi na saa yake haitafika mbali.

Jambo dogo kabla sijaondoka. Jirani akisema, "Huyu wa chama chetu, mwache," mwandikeni na huyo. Daftari lenye upande mmoja ni kama mizani yenye sahani moja.

Sasa kalamu mkononi. Usiku wa leo kila kikundi cha watu 5 kitasikiliza kipindi kimoja cha mahojiano, kituo chochote, na kuleta darasani mistari 2: mmoja wa swali lililojibiwa, mmoja wa swali lililokimbiwa. Asiyejua bado kuandika vizuri aketi na anayejua, naye ndiye atakayelikumbuka neno wakati mwenzake anaandika. Kabla kiongozi hajazima redio, nitasoma sentensi moja polepole, mara 2, nanyi mtaiandika. Juu yake, kwanza, andikeni tarehe ya leo.

"Nilimsikia akisema hivi, na hii ndiyo siku aliyoisema."

Narudia. "Nilimsikia akisema hivi, na hii ndiyo siku aliyoisema."

Kwa herini.